Kusahau ghafla kwa saa chache: ni virusi vimeingia ubongoni, au ni jambo lingine?

Sista_WestNile aliuliza:

Salaam wakubwa. Naomba wanaoujua ubongo vizuri watusaidie sisi tulio kwenye vituo vya afya vya ngazi ya III, ambako hakuna CT (mashine ya picha za ndani ya kichwa) wala daktari wa mishipa ya fahamu, na MRI, yenye picha za kina zaidi, ni jambo la Kampala.

Kuna wagonjwa wa aina mbili wanaoletwa na maelezo yaleyale: "amepoteza kumbukumbu ghafla". Wa kwanza ni kama mama wa miaka sitini hivi. Anatembea, anasalimia, anajua jina lake na watoto wake wote, hana homa. Ila kila dakika mbili anauliza, "Nimefikaje hapa? Nani kanileta?" Ukimjibu anashukuru, kisha anauliza tena vilevile. Jioni anarudi kawaida, lakini asubuhi yote imefutika kichwani. Ndugu wanasema wiki iliyopita alikuwa na mafua makali.

Wa pili ni kijana ambaye kichwa kinamuuma siku ya tatu, joto 38.4, anasahau alichoambiwa sasa hivi, anawaita watu kwa majina yasiyo yao, na tabia imebadilika. Kipimo cha haraka cha malaria kinasoma ndiyo.

Je, mama huyu naye ana virusi vya ubongo kwa sababu ya yale mafua? Nawatenganisha vipi bila mashine? Na kwa yule kijana, kwa nini nisianze tu vidonge vya asiklovia, dawa ya virusi, vilivyopo kabatini, kisha nitafute gari la rufaa?

---

Dkt_Neva_Mbarara alijibu:

Sista, umewaeleza vizuri hata nusu ya jibu iko ndani ya swali. Nianze na mama.

Hali hiyo tunaiita usahaulifu wa jumla wa muda mfupi. Vigezo vinavyotumika hadi leo vilipangwa na Hodges na Warlow mwaka 1990, na havihitaji mashine hata moja. Lazima awepo mtu aliyeshuhudia tukio lilivyoanza. Mgonjwa hashiki jambo jipya. Yuko macho kabisa na anajijua yeye ni nani. Kumbukumbu ndiyo pekee iliyoharibika: maneno, hesabu, kutambua vitu na kutumia mikono viko sawa. Hakuna udhaifu wa upande mmoja, hakuna dalili za kifafa, hakuna jeraha la kichwa la karibuni. Na yote yanaisha ndani ya saa 24. Kwa kawaida huchukua kama saa nne hadi sita.

Huwapata zaidi watu wa miaka 50 hadi 70 na kitu. Mara nyingi kuna kichochezi kabla yake: kazi nzito ya ghafla, maji baridi mwilini, maumivu makali, tendo la ndoa, au habari ya kushtua kama simu ya msiba. Kujikamua kwa nguvu kumo pia, kwa hiyo kikohozi kikali cha mafua kinaweza kuwa kichochezi kwa njia hiyo. Lakini hilo ni tofauti kabisa na kusema virusi vimeingia ubongoni.

Kwa nini nasema si maambukizi? Virusi vinavyoshambulia sehemu ya kumbukumbu huvimbisha na kuua seli. Seli iliyokufa hairudi jioni kunywa chai. Kwa mama huyu kinachosimama ni kazi ya hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo kwa ndani ya masikio, inayoandika mambo mapya. Kwenye MRI unaweza kuona kidoa cha milimita chache tu, na huonekana vizuri zaidi siku moja hadi tatu baada ya tukio, kisha hupotea. Ndiyo maana MRI ya saa za kwanza inaweza kuwa safi kabisa, na CT haionyeshi kitu. Chanzo chenyewe bado kinabishaniwa: wapo wanaosema ni damu kurudi nyuma kwenye mishipa ya vena, wapo wanaoihusisha na kipandauso, wapo wanaosema ni damu kupungua kwa muda. Ripoti za mgonjwa mmoja mmoja baada ya virusi mbalimbali, Covid-19 ikiwemo, zipo. Hakuna kirusi kilichothibitishwa kuwa chanzo.

Mpime hivi. Tumia lugha aliyolelewa nayo, iwe Kilugbara, Kialur au Kiganda. Ukimpima kwa Kiswahili cha sokoni utapata makosa ya lugha na kuyaita ya ubongo. Mpe maneno matatu, mfano ndizi, jembe, mto. Ayarudie papo hapo: ataweza. Mpe tarakimu tano azirudie: ataweza. Zungumza naye mambo mengine dakika tano, kisha uliza yale maneno. Hatakumbuka hata kwamba ulimpa maneno. Halafu mwonyeshe kalamu, saa, kifungo, avitaje. Anyanyue mikono yote miwili mbele na kufumba macho, uone kama mmoja unashuka. Atembee. Tazama uwezo wake wa kuona pembeni, kila upande.

Akikosea kutaja vitu, akisinzia, akiwa na joto, mkono ukishuka au asipoona upande mmoja, toka kwenye utambuzi huu mara moja. Kiharusi cha mshipa wa nyuma wa ubongo kinaweza kuanza kwa kusahau.

Kinyume chake, mtu asiyejua hata jina lake lakini anashika vizuri unayomwambia sasa, huyo hana ugonjwa huu. Ubongo ulioumia haupotezi jina la mwenyewe huku ukihifadhi kila kitu kingine. Hapo fikiria mshtuko mkubwa wa kihisia, na mtendee kwa upole, kwa maana hajifanyi.

---

CO_Gulu alijibu:

Naongezea upande wa kijana, maana huyo ndiye anayekufa tukichelewa.

Kabla ya yote, sukari. Kwa kila mtu aliyechanganyikiwa, awe mama au kijana, toboa kidole kabla hujaandika chochote. Ikiwa chini ya 4 mmol/L na ana dalili, tibu. Mtu mzima: chukua mililita 50 za dekstrosi 50%, changanya na mililita 50 za maji ya sindano ipate kuwa 25%, pitisha polepole kwenye kanula (mrija wa mshipani) iliyo imara, pima tena baada ya dakika 15. Wazee wanaotumia glibenklamaidi, dawa ya kisukari, sukari hushuka tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo usimruhusu kwenda nyumbani eti kwa kuwa amezinduka. Kwa mnywaji wa waragi au mtu aliyedhoofu kwa njaa, mpe thiamini (vitamini B1) ya sindano pamoja na sukari hiyo au kabla yake. Ukikosa thiamini, usicheleweshe sukari.

Sasa malaria. Hapa ndipo tunapoteza watu Uganda. Vipimo vingi vya haraka tunavyotumia hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Halafu kwenye maeneo ya malaria nyingi, mtu mzima anaweza kubeba vimelea bila kuugua. Kipimo kikisoma ndiyo, maana yake tibu malaria. Hakimaanishi malaria ndiyo iliyombadilisha tabia. Na malaria ya ubongo humlaza mtu, humfanya asiamke. Si kawaida yake kumwacha anatembea huku amesahau majina siku ya tatu.

Kijana mwenye homa, kichwa, tabia iliyobadilika na kumbukumbu iliyovurugika mpe jina hili hadi ithibitike vingine: maambukizi ya ubongo, yaani ensefalaitisi. Kirusi cha kwanza kukifikiria ni hepesi simpleksi aina ya 1, kwa sababu ndicho chenye tiba. Kina mapenzi mabaya na sehemu za chini na za pembeni za ubongo, zilezile za kumbukumbu, lugha na tabia. Dalili nyingine za kuuliza: degedege, hasa la upande mmoja wa uso au mkono, kunusa harufu ambayo haipo, maneno kumkimbia. Ndugu mara nyingi husema "anaongea vibaya" wakati mgonjwa anashindwa kulipata neno. Muulize ndugu mfano kamili wa alichosema.

Kabla ya gari kufika, kijana wa kilo 60 apate: artesuneti 2.4 mg kwa kilo, yaani mg 144, kwa sababu mwenye malaria na kuchanganyikiwa huhesabiwa malaria kali. Keftriaksoni gramu 2 kwenye mshipa kwa ajili ya homa ya uti wa mgongo. Diazepamu mg 10 polepole kwenye mshipa iwapo anatingishwa na degedege muda huo. Alazwe ubavu. Usimpe chai wala uji akiwa anasinzia.

Kipimo cha VVU ni lazima, na kikisoma ndiyo, kipimo cha kriptokokasi (fangasi wanaoshambulia ubongo) kwa tone la damu ya kidole, dakika 10 umepata jibu. Kriptokokasi huja polepole zaidi, kichwa wiki mbili au tatu, lakini ndugu hukuambia "imeanza jana" kwa sababu jana ndipo alipoanza kuwapotea.

Kwenye karatasi ya rufaa usiandike "amepoteza kumbukumbu" basi. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, joto, sukari na saa uliyopima, alama za fahamu, kama alitingishika na upande gani ulianza, dawa ulizompa na saa, na neno moja la uhakika: NASHUKU ENSEFALAITISI, ANAHITAJI ASIKLOVIA YA MSHIPA. Ukikosa mstari huo, hospitalini ataunganishwa dripu za malaria siku tatu nzima.

---

Mfamasia_Kla alijibu:

Kuhusu vidonge vya asiklovia. Sista, usivitumie kwa hili. Dawa ikimezwa, sehemu ndogo tu huingia kwenye damu, na inayofika ubongoni ni kidogo zaidi. Vidonge vinafaa kwa vidonda vya ngozi na mkanda wa jeshi. Kwa ubongo vinakupa faraja ya bure, na mbaya zaidi watu wa rufaa wakisikia "ameshaanza asiklovia" wanaweza kudhani ameshatibiwa.

Dozi ya mshipa kwa mtu mzima ni mg 10 kwa kilo kila saa 8, kwa siku 14 hadi 21. Kilo 60 ni mg 600, mara tatu kwa siku. Siku 14 ni dozi 42. Vichupa vikiwa vya mg 250, kila dozi inataka vitatu, yaani 126. Waambie ndugu na stoo hesabu hiyo siku ya kwanza, kabla ya kununua viwili vitatu. Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni dawa kuisha siku ya tano wakati mgonjwa ameanza kutabasamu. Ugonjwa hurudi.

Kichupa cha mg 250 kizimuliwe kwa mililita 10 za maji ya sindano, kisha kiingizwe kwenye dripu ya maji ya chumvi. Mkusanyiko usizidi mg 5 kwa mililita. Kwa mg 600 tumia mfuko wa mililita 250 na umemaliza mawazo. Ipite ndani ya saa nzima, isisukumwe kwa bomba la sindano. Ikisukumwa haraka, fuwele huziba mirija ya figo. Dripu ya maji iendelee, mkojo upimwe, kreatinini (kipimo cha figo) ipimwe kabla ya kuanza na kila siku mbili tatu. Figo zikiwa dhaifu dozi ni ileile ila kila saa 12 au 24 kulingana na kipimo, na zikishindwa kabisa dozi yenyewe hupunguzwa nusu. Na kwa figo zilizochoka, asiklovia yenyewe inaweza kumchanganya mtu na kumfanya aone maruweruwe, ukadhani ugonjwa unazidi.

Mwisho, kanula. Dawa hii ni kali kama magadi. Ikivuja nje ya mshipa inaacha kidonda. Angalia mkono kila dozi, mshipa ukiuma hamisha.

---

Maabara_Ent alijibu:

Ya kwangu ni maji ya uti wa mgongo tu, maana yanaharibika mikononi mwetu zaidi ya mahali pengine popote.

Daktari asitoe maji ikiwa mgonjwa hana fahamu sawasawa na fahamu zinashuka, ana udhaifu wa upande mmoja, degedege haijatulia, au ngozi ya mgongo ina maambukizi. CT kwanza. Lakini dawa isisubiri CT wala maji. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, bado hukamata hepesi siku kadhaa baada ya dawa kuanza.

Chupa tatu safi. Pima sukari ya damu wakati uleule. Sukari ya maji bila ya damu haina maana, kwa kawaida ni kama asilimia 60 yake. Seli zihesabiwe ndani ya saa moja, zikikaa zinavunjika na unasoma namba ndogo ya uongo. Chupa ya kuotesha bakteria isiwekwe kwenye friji, maana baadhi yao hufa kwa baridi. Chupa ya PCR ndiyo iwekwe kwenye nyuzi 2 hadi 8, angalau nusu mililita, ikiwezekana moja.

Kwenye hepesi utaona limfosaiti (aina ya chembe nyeupe) zimepanda, protini imepanda, sukari ya kawaida, wakati mwingine na chembe nyekundu. Siku za mwanzo maji yanaweza kuwa safi kabisa. PCR ikitoka hapana ndani ya siku tatu za kwanza na mgonjwa bado anashukiwa, usisimamishe dawa. Rudia kutoa maji kati ya siku ya tatu na ya saba.

Msisahau kwamba tuko Uganda. Kirusi cha West Nile kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1937, kwa mwanamke wa huko kwenu, Sista, na watafiti wa taasisi ambayo leo ndiyo UVRI, taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe. Wengi wanaoambukizwa hawahisi kitu, na chini ya mtu 1 kati ya 100 ndiye anayeguswa ubongo. Hakina dawa yake. Lakini kukiandika kwenye fomu kama unachoshuku kunaisaidia maabara kujua itafute nini.

---

Sista_WestNile aliandika:

Asanteni sana wakubwa. Mawili yamebaki. Kijana akiwa na vidonda vya homa mdomoni, si ushahidi wa hepesi ya ubongo? Na yule mama akirudi kawaida, nimwambie nini, hasa ndugu wanaposema ni mayembe, yaani mapepo ya kichawi?

---

Dkt_Neva_Mbarara alijibu:

Vidonda vya mdomo si ushahidi, wala kukosekana kwake hakumtoi mtu hatiani. Duniani, takriban theluthi mbili ya watu walio chini ya miaka 50 wanabeba hepesi aina ya 1, na homa yoyote, malaria au nimonia, huvitoa mdomoni. Ensefalaitisi yake hupata watu wachache tu kati ya milioni kwa mwaka. Ila isipotibiwa huua karibu 7 kati ya 10, ndiyo maana tunaanza dawa kwa kushuku.

Kijana akipona umwandae pia kwa wiki zinazofuata. Takriban mtu 1 kati ya 4 hupata wimbi la pili, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu: tabia inavurugika upya, usingizi unapotea, mikono au mdomo unajichezesha. Mara nyingi si kirusi kimerudi, ni kinga ya mwili inayoshambulia ubongo, na tiba yake ni tofauti, steroidi (dawa za kutuliza kinga) zikiwemo. Ndugu wakimpeleka kwa mganga wakati huo tunampoteza njiani. Waandikie dalili hizo kwenye daftari lake, kwa lugha wanayosoma.

Kwa mama: akiwa bado ndani ya tukio, akae kituoni na mtu anayemjua, apimwe presha, sukari, malaria na VVU, aangaliwe kila saa. Kumbukumbu isiporudi ndani ya saa 24, rufaa. Ikirudi kikamilifu, hahitaji dawa, wala asiandikiwe dawa za kifafa. Yale masaa yaliyofutika hayatarudi, na hilo mwambie wazi asije akahangaika kuyatafuta. Wengi hawapati tena. Akipata mara ya pili na ya tatu, hasa matukio mafupi chini ya saa moja au anapoamka asubuhi, hapo ndipo unashuku kifafa cha kumbukumbu na kumpeleka penye EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Uliza pia dawa za usingizi na za mafua zinazosinzisha, na kama alipewa kinywaji au biskuti kwenye basi. Ila aliyetiliwa dawa husinzia, haulizi maswali akiwa macho makavu.

Kuhusu mayembe, usibishane. Ndugu wameona mama yao anamuuliza mwanawe swali moja mara arobaini, na hofu hiyo ni ya kweli. Waambie: "Sehemu ya ubongo inayoandika mambo mapya ilisimama, sasa imeanza tena, na hiki ndicho nilichopima." Waonyeshe: mpe mama maneno yale matatu tena mbele yao, subirini dakika tano, aulizwe. Akiyataja ndizi, jembe, mto, wamejionea wenyewe. Asipoyataja, bado hajawa tayari kwenda nyumbani.